Anayefuta Nyuso

Kiti kilikuwa na joto. Ticha alikuwa amefungua klabu ya kompyuta kama kila asubuhi, akasukuma madirisha, akapitisha kitambaa juu ya meza, na alipovuta kiti cha mwisho, kile cha dirishani, kiganja chake kikakutana na joto la mtu aliyetoka kuinuka sasa hivi. Chumba kilikuwa kimefungwa tangu jana. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa umelala chini ya mto wake.

"Jua hilo," alijiambia, ingawa jua la saa zile lilikuwa bado upande wa pili wa jengo.

Klabu yenyewe ilikuwa chumba kirefu nyuma ya ukumbi wa mtaa, chenye kompyuta kuukuu zilizotolewa na ofisi mbalimbali, nyingine zikinguruma kama mashine ya kusaga. Asubuhi walikuja akina mama kujifunza kushika kipanya na kuandika barua. Mchana walikuja vijana kujifunza kutengeneza mabango na picha. Ticha aliijenga klabu ile kwa kubembeleza huyu na kumsumbua yule mpaka wakamchoka wakampa, na hakuna kitu duniani alichokipenda zaidi, ukiwaondoa mama yake na mdogo wake wa kiume, ambaye vijana wenzake walimwita Msanii.

Kiti cha dirishani kilikuwa cha Kidoti, binti mwenye alama nyeusi juu ya mdomo na mkono mwepesi kuliko vijana wote wa mchana. Bango lake ndilo lililochaguliwa kubandikwa mlangoni pa ukumbi, na bango la Msanii likaachwa. Kisha ikatokea picha. Sura ya Kidoti, mwili wa mwanamke mwingine asiye na nguo. Ilipita simu hadi simu, mtaa mzima ukaitazama, na kabla jua halijatua ilikuwa imemfikia baba yake pamoja na mchumba wake. Mchumba akavunja uchumba. Baba akamfungia mlango. Kidoti akaenda kwa bibi yake, akalala ameupa ukuta uso, akakataa chakula, na hakuinuka tena.

Tangu hapo hakuna aliyekalia kiti kile.

Akina mama walipoanza kuingia asubuhi hiyo, nyuma yao aliingia bibi mmoja mwembamba, amenyooka kama mwiko, akaomba kuandikishwa. Ticha alimtambua. Alikuwa bibi yake Kidoti.

"Karibu, Bibi. Pole sana na msiba."

"Nimeshapoa, mwalimu. Sasa nataka kusoma." Akaenda moja kwa moja akaketi dirishani.

Alikuwa mwanafunzi mzuri. Wenzake walipokuwa wakicheka kwamba panya wa jikoni ana heshima kuliko huyu wa mezani, yeye alikuwa kimya, jicho kwenye skrini, kidole kimoja kikitafuta herufi bila haraka. Lakini kila alipokuwepo chumba kilinuka udongo mbichi, udongo wa shimo lililochimbwa asubuhi ileile, na huko nje ilikuwa kiangazi, ardhi imekauka kama kigae. Akina mama wakaanza kusogeza viti. Kidogo kidogo Bibi akabaki na upande mzima wa dirisha peke yake.

Siku moja wenzake walipoondoka, alibaki.

"Mwalimu, mtu anaweza kukata kichwa cha mtu kwenye picha, akakibandika kwa mwingine?"

"Inawezekana, Bibi."

"Nionyeshe."

Ticha alitamani kukataa. Badala yake aliketi, akachukua picha mbili za mafunzo, akakata, akabandika, akalainisha shingo mpaka mshono ukapotea. Bibi alitazama bila kupepesa.

"Kumbe ni kazi ya muda mfupi hivi," alisema. "Na ile ya mjukuu wangu ilifanyiwa hapa?"

"Sijui, Bibi."

Ulikuwa uongo. Mchana wa siku ile ya picha Ticha alikuwa amepita nyuma ya mdogo wake na rafiki yake Fundi Simu, wakiwa wamejibana kwenye skrini moja wakicheka. Aliiona picha. Aliona sura ni ya nani. Alichosema ni, "Malizeni upuuzi wenu, nataka kufunga," kisha akaenda kufunga madirisha.

Bibi alikuwa akimtazama. "Sikulaumu kwa kunifundisha. Huyu niliyekuja naye ndiye aliyetaka kujua."

Ticha aligeuka. Mlangoni hapakuwa na mtu. "Nani, Bibi?"

"Jini huyu tumerithishana kwetu, mama kwa binti. Zamu ya Kidoti ilikuwa inakuja, na huyu alishampenda yule mtoto tangu yuko kwenye nepi. Alipofariki, huyu aliniuliza kila usiku: wamemuuaje, mbona sioni jeraha? Nami sikuwa na jibu, mambo haya ya mashine siyajui. Ndiyo maana nimemleta darasani." Akainuka, akaweka kiti sawa. "Sasa ameelewa."

Hakurudi tena klabuni. Harufu ya udongo ilibaki.

Mchana huohuo vijana walikuwa wakitengeneza kadi za mahafali, kila mmoja na picha yake mwenyewe, na binti mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha mkono kwa unyonge, akasema, "Ticha, picha yangu imeharibika." Ticha akaenda kuangalia. Nywele zilikuwepo, masikio yalikuwepo, mkufu ulikuwepo, lakini uso wenyewe ulikuwa laini na mtupu kama ngozi ya goti. Kabla hajasema kitu akasikia mwingine nyuma akisema, "Na yangu," kisha mwingine, na alipotazama akaona skrini zote za chumba kile zimejaa watu wasio na nyuso, wamevaa mashati ya watoto aliowafundisha, wamesimama kama watoto aliowafundisha, na kwenye mashine ya dirishani, ambayo hakuna aliyeiwasha, palikuwa na sura peke yake bila kichwa, ya kijana anayecheka, na sura ile ilikuwa ya Fundi Simu.

Fundi Simu aliiona. Akacheka kidogo, akasema ni virusi, akaondoka mapema.

Yaliyompata yalisimuliwa mtaani kabla ya magharibi. Alifika kwake, mkewe akiwa anaanua nguo, akampita akaingia ndani. Mke akapiga yowe. Majirani walikuja mbio wakamkuta mwanamke ameshika mchi, na mbele yake mwanamume anayelia, akimwita mke wangu, akitaja majina ya watoto mmoja mmoja. Sauti waliijua, ila sura hawakuwahi kuiona. Mmoja akasema huyu mwizi amejifunza kuigiza sauti. Walimpiga. Kaka yake mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliopiga. Alifanikiwa kuchomoka, akakimbia, na mkewe akaenda kituoni kuripoti kwamba mumewe amepotea.

Asubuhi iliyofuata Msanii hakutoka chumbani. Ticha alimkuta ameketi sakafuni, amefunika kioo kwa shuka.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "niambie unaniona."

"Nakuona."

"Mimi ni nani?"

"Wewe ni mdogo wangu. Acha kunitisha."

Msanii akaungama habari ya picha ya Kidoti. Alisema ni yeye aliyeitengeneza, Fundi Simu aliisambaza tu. Alisema bango lile lilimuuma, alitaka binti yule aaibike siku moja na yeye kidogo, basi, hakujua itafika huko. Alisema usiku mzima kuna mtu alikuwa amekaa kifuani mwake, mzito kama gunia la udongo, akipitisha kidole usoni pake taratibu, akianzia ukingoni, kuzunguka taya, kuzunguka paji, kama afuatavyo mtu anayekata picha.

Ticha alienda akamleta mtabibu, mtu mzima anayesifika kwa kutoa majini, mpole, mwenye kikohozi. Mtabibu aliketi karibu na kijana, akamshika kichwa, akasoma kwa muda mrefu. Chumba kilizidi kunuka udongo. Kisha akaacha ghafla, akasikiliza upande wa dirisha kama mtu anayeitwa, na jasho likamtoka. Akakusanya vitu vyake.

"Mbona unaondoka, Mzee?"

"Binti yangu, hawa ninaowatoa mimi huwa wameingia pasipo pao. Huyu ametumwa na ana haki mkononi. Nikigombana naye atanigeukia mimi." Alishasimama mlangoni. "Nenda kwa mwenye naye. Ongea naye vizuri."

Mtabibu alipotoka, mama yao akaingia na chai ya mwanawe. Akamwona aliyeketi sakafuni. Bilauri ikamponyoka.

"Ticha," akanong'ona, akirudi nyuma, "huyu kijana ni nani, na yuko wapi mwanangu?"

Msanii akasema, "Mama." Mama akaziba masikio. Ticha alimtazama tena; kwake alikuwa mdogo wake yuleyule.

Ticha alimkuta Bibi uani kwake akichambua mchele. Alipiga magoti, akaeleza yote aliyoyasikia kwa mdogo wake, akalia, akaomba. Bibi aliendelea kuchambua.

"Mjukuu wangu alitazamwa na mtaa mzima akiwa uchi ambao si wake," alisema mwishowe. "Kila aliyeona amebaki na picha ile kichwani, na ndani ya kaburi amelala nayo. Nataka iondolewe. Mwenye kosa asimame mbele ya mtaa aseme alivyofanya, asibakize kitu. Hapo huyu wangu atatosheka."

"Atasema, Bibi. Naapa."

Mtaa uliitwa ukumbini alasiri. Walijaa mpaka milangoni. Baba yake Kidoti alikaa mbele, amejikunja kama mtu mwenye baridi. Msanii alipanda jukwaani akasema kila kitu, kwa sauti inayokatika, na alipomaliza ukumbi ulikuwa ukimtazama kwa mshangao tu.

"Huyu ni nani?" aliuliza mtu.

"Simjui. Si wa hapa."

"Mgeni anajuaje mambo yetu? Amelipwa aje kumsafisha yule binti."

Kicheko kikaanza nyuma, kile kile cha siku za picha, na Ticha akaona kwamba ungamo lisilo na mwenyewe halina thamani, na kwamba mdogo wake angeweza kusimama pale akalia mpaka mwisho wa dunia na asiaminiwe, na akamwona Bibi kwenye kona amefumba macho, na kando ya Bibi, pale ambapo watu walikuwa wamebanana bila kujua kwa nini hawapagusi, palikuwa na nafasi ya mtu mmoja mrefu.

Akapanda jukwaani.

"Mimi mnanijua," alisema. Wakanyamaza. "Huyu ni mdogo wangu. Picha ile ni ya uongo. Aliitengeneza yeye, ndani ya klabu yangu, kwa mashine zangu." Akawasha projekta, akachukua picha yake mwenyewe na picha nyingine ya gazetini, akakata, akabandika, akalainisha shingo mbele ya macho yao. Waliona kichwa cha Ticha wao kikikaa juu ya mwili wa mcheza mieleka, na hakuna aliyecheka. Baba yake Kidoti alitoa sauti kama ya kitu kinachopasuka, akainamisha kichwa magotini. Wanawake waliomsengenya yule binti kisimani walitazama miguu yao.

"Naifunga klabu," alisema Ticha. "Ndiyo hivyo. Nimemaliza."

Bibi alifumbua macho. Aliuliza kwa upole, ukumbi mzima ukisikia: "Hayo ndiyo yote, mwalimu? Hakuna kilichobaki?"

Ticha aliona tena skrini ile, na wale wawili wakicheka, na yeye mwenyewe akipita nyuma yao kwenda kufunga madirisha. Aliwaona wazazi waliomkabidhi watoto wao.

"Ndiyo yote, Bibi."

"Haya," alisema Bibi, akainuka. "Amesikia."

Pale pale mtu mmoja katikati ya ukumbi akasema, "Jamani, si Msanii yule?" na wengine wakaitikia, ndiye, ndiye kabisa, na macho yakamgeukia kijana kwa chuki inayojua inamchukia nani. Msanii alilia kwa furaha. Waliondoka wakitemewa mate, na kila tusi lililotaja jina lake alilipokea kama salamu.

Njiani aliushika mkono wa dada yake kama alipokuwa mtoto. Upepo ulipita, mkavu, hauna harufu yoyote, na Ticha akavuta pumzi ndefu ya kwanza tangu alipoingia Bibi darasani.

Mama alikuwa kizingitini. Alipomwona Msanii aliinuka mbio, akamkumbatia, akampapasa mashavu, macho, paji la uso. "Mwanangu. Ulikuwa wapi, mwanangu? Nimekutafuta."

"Nimerudi, Mama."

Akamvuta ndani. Kisha akasita, akajifunga khanga vizuri kwa ajili ya mgeni, akatazama juu ya bega la mwanawe kwa adabu.

"Na huyu dada uliyekuja naye," aliuliza, "ni wa nani?"