Aliyeitika Abee

Siku ya kwanza Milembe kuitika "abee", mama yake alifurahi, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mtu unafurahia nini kabla hujamwona aliyeitika?

Constantine ni mtoto wetu wa hapa Somanda, Bariadi. Miaka ile ya ruksa, walimu wetu walipokuwa wakikimbilia mishahara ya nje, naye akaenda kufundisha hesabu Botswana. Mkewe Nyanjige akamfuata, na binti yao wa pekee, Milembe, akakulia hukohuko Francistown. Watoto wa kule wakiitwa na mama huitika "Mma?" Basi na Milembe ni "Mma?" asubuhi, "Mma?" jioni. Nyanjige alifoka mpaka akachoka.

"Mimi siyo Mma! Mtoto wa kike wa kwetu anaitika abee!"

Wapi! Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa.

Walipokuja likizo Somanda, ndugu walimcheka mtoto kwa hiyo "Mma" yake hadi akawa anajitenga, anacheza peke yake nyuma ya nyumba, kwenye ghala kuukuu la pamba. Ghala lile lilibaki tupu tangu wanunuzi binafsi walipoingia, na sisi wenyeji hatupiti pale jua likizama. Tena tukimtoa mtoto mle tunamwita kwa jina lake, yeye peke yake. Nyanjige ni mtu wa Nassa, mkamwana wa kuja, hakulijua hilo. Siku ya kuondoka, basi linapiga honi, alisimama mlangoni mwa ghala, ndani giza tupu, akapaza sauti: "Haya, wote, twendeni nyumbani!"

Milembe akatoka mbio. Wakapanda basi, wakaenda zao.

Kule Francistown maisha yakarudi mahali pake. Shule zikafunguliwa, Constantine akarudia chaki zake, Nyanjige akakalia cherehani yake ya sare za wanafunzi. Michembe waliyobeba kutoka kwetu, viazi vitamu vilivyokaushwa, ilikuwa bado haijatolewa kwenye begi. Jioni moja Nyanjige, akiwa jikoni, akamwita mtoto.

"Abee, mama!" Sauti ilitoka chumbani, tamu, ya adabu.

Nyanjige akapiga makofi. "Baba Milembe, umesikia? Somanda imemfunza mtoto!"

Mara mlango wa nje ukafunguliwa. Milembe akaingia na mpira mkononi, miguu imejaa vumbi. "Mma? Uliniita?"

Chumbani hapakuwa na mtu. Chini ya kitanda palikuwa na nyuzi za pamba, nyeupe, zimejiviringa kama manyoya ya kifaranga. Constantine akasema zimetoka kwenye begi. Nyanjige akafagia. Kesho yake zikawa zimerudi, na harufu juu: pamba iliyolowa, na mikojo ya popo.

Tangu hapo kila alipoita, abee ilitangulia. Ilitoka nyuma ya kabati, ilitoka bafuni, siku nyingine ilitoka chini ya meza wanayolia chakula, na Milembe ameketi palepale, mdomo wazi, jibu lake bado halijatoka. Mtoto akaanza kusinzia darasani. Akaacha kula. Jioni moja alimshika mama yake gauni, akamnong'oneza:

"Mma, yule akiitika kabla yangu, nasahau jina langu."

Mayo wane! Nyanjige akamvuta kifuani. Huyo ndiye mtoto aliyempata baada ya kuzika wawili, hana mwingine. Usiku huo hakuuliza mume wala nani. Kulipokucha alipiga simu Somanda, dukani kwa Nuruddin, na Nuruddin akatuma mtu amwite Kwandu. Kwandu ni shangazi yake Constantine, senge kama tunavyosema sisi, na ndiye anayewatuliza watu wenye majini hapa kwetu.

"Senge, nyumba yangu imeingiliwa," Nyanjige alisema kwa sauti ya chini, mkono umefunika kinywa.

Kwandu akamsikiliza hadi mwisho. "Siku ya kuondoka, mtoto ulimtoaje ghalani?"

"Nilisema... nilisema wote, twendeni nyumbani."

"Aka!" Kwandu alimaka. "Mkamwana, hukuingiliwa. Ulialika. Sasa kinataka jina, maana anayeitika jina ndiye mwenye jina. Sikiliza. Jua likizama, mtoto akiwa uani, fungua mlango. Mwite mara moja tu. Atakayeitika, mshike mkono, mwingize, ufunge. Kisha umwambie aliyebaki nje: kwenu ni Somanda, rudi. Atarudi. Ila mkamwana, sikio lako liwe sikio la mama. Usikosee."

Jioni ile Milembe alisimama karibu na geti, na baba na mama walikuwa mlangoni. Jua likazama, na upepo ukainuka kutoka barabarani ukiwa na vumbi jekundu na ile harufu ya pamba iliyolowa, ukazunguka ua, ukazidi, mpaka geti halikuonekana, mpaka mtoto hakuonekana, mpaka Nyanjige akaona ndani ya vumbi lile kivuli cha mtoto kimesimama kule getini na kivuli kingine cha mtoto, gauni lilelile, nywele zilezile, kimesimama hapa karibu na ngazi, na akajua asipoita sasa hataita tena.

"Milembe!"

"Mma?" Ilitoka getini, nyembamba, ya kulialia.

"Abee, mama!" Ilitoka kwenye ngazi.

Na mkono wa Nyanjige, mkono uliofunzwa Nassa na mama yake na bibi yake, ulikwenda kwa mwenye adabu. Alimvuta ndani, akasukuma mlango.

"Mama Milembe, ngoja!" Constantine alisema. "Yule mwingine..."

"Kwenu ni Somanda!" Nyanjige alipiga kelele kwenye mbao za mlango. "Rudi!"

Upepo ukakatika hapohapo.

Kukawa na amani, tena amani ya kupendeza. Pamba haikuonekana tena chini ya vitanda. Mtoto akala michembe, akamaliza, akaomba nyingine, yeye aliyekuwa akiitema. Aliitika abee kila alipoitwa. Constantine tu ndiye aliyekuwa akimtazama sana mezani, halafu anainamisha macho.

Mwezi uliofuata simu ikalia. Alikuwa Kwandu, na hakusalimia.

"Mkamwana, kuna mtoto analia ghalani kila jua likizama. Jana nimekwenda mwenyewe mpaka mlangoni. Nikamwita kwa jina la mjukuu wangu." Bibi akapandisha sauti. "Ameitika 'Mma?' Hapa Bariadi, nani anaitika hivyo?"

Nyanjige akaiachia simu. Ikaning'inia kwenye waya wake, Kwandu akiita humo kwa mbali.

"Milembe," alisema mama, kwa pumzi tu.

Nyuma yake, karibu na shingo, harufu ya pamba iliyolowa.

"Abee, mama."