Mzee Magige wa Butiama Si Bwana Wangu

"Nipe simu."

"Lameck, mazoezi yanaanza sasa hivi. Watu wanatuangalia."

"Nimesema nipe simu. Au kuna kitu unaficha?"

Jeska akaitoa kwenye mfuko wa sketi, akampa. Alishazoea. Tangu Pasaka simu ile ilikuwa yake kwa jina tu. Namba ya siri alikuwa nayo Lameck, na ni Lameck aliyeamua nani afutwe na nani abaki.

Walikuwa wamesimama nyuma ya kanisa, Kigera, Musoma, pembeni ya tangi la maji, na ndani wenzao wa kwaya ya vijana walikuwa wanapanga viti. Jeska alikuwa na miaka kumi na saba, kidato cha nne, muimbaji wa sauti ya kwanza. Lameck alimzidi mwaka mmoja. Ndiye aliyepiga kinanda, na ukimsikia akiomba kwa kufumba macho ungesema huyu kesho ni mchungaji. Hapo ndipo watu wazima wote wa kanisa lile walipopigwa changa la macho.

Lameck akasoma. Uso ukabadilika.

"Magige ni nani?"

"Babu yangu."

"Babu, eeh? Haya, nikusomee babu yako alivyoandika."

Akasoma kwa kubana pua: "MKE WANGU JMOSI UNAKUJA BUTIAMA? NIMEKUWEKEA JOGOO. USIMWAMBIE MAMA YAKO ATAMALIZA MAPAJA. MUMEO MAGIGE."

Jeska akacheka. Alicheka kwa sababu aliyeandika ni baba mzazi wa mama yake, mzee aliyemwita mke wangu tangu yuko mgongoni, na Jeska aliponunuliwa simu mzee alimkataza kabisa asimsevu kwa jina la Babu. "Andika Magige," alimwambia, "watu wasijue umeolewa na mzee."

"Unacheka?"

"Lameck, ni babu yangu kweli. Ananitaniaga hivyo. Mpigie basi."

Akapiga, akaweka spika.

"Mke wangu!" Sauti ya mzee ikaitika, imejaa kikohozi na furaha. "Leo umetoa wapi vocha? Jogoo yupo, na yeye anakusubiri!"

Lameck akakata.

"Sawa. Kwa hiyo ni mzee. Unadanga na vizee."

Sasa wewe unayesoma, usije ukamtetea kwamba masikini hakujua. Alijua! Mtoto gani wa Mara hajui utani wa babu na mjukuu? Bibi yake mwenyewe Lameck alimwitaga "mume wangu" mlangoni pa kanisa na watu wanacheka. Sauti ya kizee ameisikia kwa masikio yake, na bado. Mtu akishaamua kukupiga, sababu haimsumbui, ataiokota popote. Na hata huyo Magige angekuwa kijana mwenye pikipiki mpya, je? Ndiyo mtoto wa watu apigwe?

Kofi likatua kwenye sikio la kushoto. Jeska akashika tangi asianguke. Alisikia mlio mwembamba, mrefu, halafu upande ule wote ukawa kimya.

"Unaona unachonifanya?" Lameck akasema, na machozi yakamtoka yeye, mpigaji. "Unajua ninavyokupenda, halafu unanifanya niwe hivi. Futa uso. Tunaanza na wimbo wako."

Akaingia ndani, akakaa kwenye kinanda. Jeska akaingia nyuma yake, akaimba. Mwalimu wa kwaya akamsimamisha, wakarudia, akamsimamisha tena.

"Jeska, leo unashuka. Husikii kinanda?"

"Nasikia, mwalimu."

Lameck akatabasamu, akampigia noti upya, taratibu, kijana mpole kabisa.

Baada ya mazoezi Dorah, rafiki yake wanayekaa dawati moja, akamkuta bombani anaosha sikio. Maji yalikuwa na damu.

"Ni yeye?"

"Alikasirika tu. Kaona meseji ya babu."

"Mh! Ana wivu huyo! Anakupenda bana. Wangu mimi hata nisipoonekana wiki nzima hanitafutagi."

Jeska alitaka kumwambia kwamba inauma sana. Akaishia kukamua leso. Simu, aliyorudishiwa baada ya mazoezi, ilikuwa inaingiza meseji za Lameck moja juu ya nyingine.

"Nisamehe mke wangu. Shetani alinipitia."

"Ukiniacha nakunywa sumu, na kila mtu atajua ni kwa ajili yako."

"Mbona hujibu? Uko na nani?"

"Ukimwambia mama yako, nawaambia watu wote kuhusu mzee wako wa Butiama. Tuone nani ataaminiwa."

Mama yake alipomuuliza kwa nini amejifunga kitambaa kichwani, Jeska akasema ameingiwa na mdudu sikioni. Maumivu yalipozidi akaandika meseji, akaifuta, akaiandika tena, akaituma: "Lameck tuachane. Sitaki tena." Akaitupa simu kitandani. Ulikuwa ni ujasiri mkubwa ule, msiudharau.

Haikufika Jumapili. Kwaya nzima ikawa inajua Jeska analelewa na mzee wa Butiama. Kwenye benchi la sauti ya kwanza wenzake wakasogea, wakamwachia nafasi ya kukaa watu wawili. Dorah naye akasogea.

Habari zikashuka mpaka Mwigobero, sokoni kandokando ya ziwa, ambako Anastazia, mama yake Jeska, anauza dagaa.

"Mama Jeska, mimi sikufichi," alisema Recho, jirani yake wa meza. "Binti yako anaharibika. Ana mzee."

"Mzee gani?"

"Wa huko Butiama. Anamwita mke wangu kwenye simu, anamwahidi kuku. Nasikia hata meno hana."

"Recho, chunga mdomo wako. Huyo mzee anaitwa nani?"

"Magige."

Anastazia akaliweka chini kopo la kupimia dagaa. Akacheka. Akacheka mpaka wateja wakageuka.

"Magige? Recho we! Magige ndiye aliyenizaa mimi! Ni baba yangu! Hilo la meno sibishi, amebakiza mawili."

Recho akaziba mdomo kwa kanga.

"Mungu wangu. Sasa yule kijana wa kinanda aliyatoa wapi maneno haya?"

"Kijana gani?"

"Lameck. Si ndiye anayesambaza? Anasema kasoma mwenyewe kwenye simu ya Jeska."

Kicheko kikamkauka Anastazia mdomoni. Lameck anashikaje simu ya mwanawe? Akakumbuka kitambaa. Hakufunika hata dagaa wake, akawaachia kunguru, akaondoka karibu kukimbia.

Alimkuta Jeska kitandani.

"Toa kitambaa."

"Mama..."

"Jeska, nimesema toa."

Kikatoka. Shuka lilikuwa na usaha. Anastazia akakaa kitandani kando yake.

"Huyo mdudu aliyeingia humu anaitwa nani?"

"Lameck, mama," Jeska akasema, akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu apigwe.

Daktari alisema ngoma ya sikio imepasuka, wamechelewa, na upande ule hatasikia tena kama zamani. Jeska akauliza kama ataimba. Daktari akamtazama mama, kisha akasema kuimba ataimba. Hakusema ataimba vizuri.

Kikao kikakaliwa sebuleni kwa Anastazia. Mzee Magige alipanda gari la kwanza kutoka Butiama, fimbo mkononi. Wakaja wazee wa kanisa wawili, na baba yake Lameck, ambaye ndiye aliyelinunulia kanisa kile kinanda. Lameck mwenyewe alikaa kwenye kochi, kainamisha kichwa.

"Mura," babu akamwita kama vijana wanavyoitwa kwao, "niangalie. Mimi ndiye Magige. Ndiye mimi bwana unayenionea wivu?"

"Nisamehe, babu."

"Babu? Leo ndiyo umejua mimi ni babu?"

"Mzee wetu, tulia, weka fimbo," mzee wa kanisa akaingilia. "Haya ni mambo ya vijana. Tuyamalize kiroho. Jeska, mwanangu, wewe unataka nini?"

Aliuliza kwa adabu tu. Hakuna aliyetegemea jibu.

"Nataka asimame mbele ya kwaya aseme Magige ni babu yangu. Na aseme alinipiga. Hayo mawili tu."

Wazee wa kanisa wakatazamana.

"Hilo la babu tutalitangaza," mzee wa kanisa akasema. "Hilo la pili, binti yangu... tutaichafua kwaya. Mitihani yenu iko mlangoni. Kijana ana maisha mbele yake."

"Na mimi?"

Baba yake Lameck akasafisha koo. "Nitamhamishia kwa mjomba wake Bunda, Nyasura. Hamtaonana tena. Si ndicho mnachotaka?"

"Mimi sicho ninachotaka!" babu akafoka. "Anastazia, sema wewe, mtoto ni wako!"

Jeska akamgeukia mama yake. Huyu ndiye aliyewaachia kunguru dagaa, akaja mbio. Huyu hatamwangusha.

Anastazia akatazama sakafu.

"Yaishe," akasema. "Sitaki mwanangu asemwe mji mzima."

Jeska hakulia. Kilio cha hivyo hakina machozi. Wazee wakashukuru, wakasimama kuomba, na sala ya kufunga, jamani, wakampa Lameck! Akafumba macho, akaomba kwa ufasaha, akamtaja Jeska kwa jina, akamwombea roho ya kusamehe. Babu akatoka nje katikati ya sala. Jumapili hakuna kilichotangazwa, hata hilo la babu.

Jeska akaacha kwaya. Akafanya mtihani akiwa amekaa upande wa kushoto wa darasa ili sikio zima limsikie msimamizi, akaanza kushinda Mwigobero na mama yake, wakiongea mambo ya dagaa tu. Siku moja Dorah, ambaye siku hizi alimtafutatafuta kwa aibu, akamtumia picha ya stetasi. Ilikuwa ya msichana wa kwaya, Bunda, amesimama pembeni ya kinanda. Juu yake ameandika: "Nina mtu anayenijali mpaka simu yangu anailinda yeye." Jina lake Dafroza. Mpiga kinanda mnamjua.

Jeska akaomba namba, akapiga.

"Dafroza? Naitwa Jeska, niko Musoma. Nilikuwaga na Lameck."

"Ooh. Wewe ndiye yule wa mzee."

"Yule ni babu yangu. Naomba unisikilize kidogo tu..."

"Aliniambia utapiga. Akasema utakuja na hadithi ya sikio. Umemsaliti mwenyewe, sasa unaona wivu!"

"Sina wivu, mdogo wangu. Nataka kukwambia..."

"Tafuta wa kwako, dada."

Akakata, akamblock. Jeska akabaki ameshika simu. Hakumlaumu. Na yeye angesema hivyo hivyo, tena kwa sauti kubwa zaidi.

Mvua za vuli zilikuwa zimeshaanza meseji ilipoingia kwa namba ngeni. Jeska na mama yake walikuwa wanaanua dagaa kabla hawajalowa.

"Dada Jeska ni Dafroza. Hii simu ni ya mama mdogo, yangu ameivunja. Ulitaka kuniambia nini siku ile?"

Jeska akapiga palepale.

"Uko wapi?"

"Nyumbani." Alikuwa ananong'ona, na maneno yalitoka vibaya, mdomo umevimba. "Nimejifungia chumbani. Yuko sebuleni na mjomba wake. Wamekuja na mzee wa kanisa."

"Wanataka nini?"

"Wanasema yaishe. Mama mdogo anawachemshia chai."

"Dafroza, nisikilize. Usitoke. Usiitikie chochote, hata wakisema tuombe, usiseme amina. Nakuja."

Akaanza kuvaa viatu.

"Unaenda wapi na mvua hii?" mama akauliza.

"Bunda."

"Kuna nini Bunda?"

"Lameck kampiga mwingine. Wazee wako sebuleni kwao wanamaliza kiroho."

"Jeska, sisi yetu tulishayamaliza. Achana nao."

"Hamkuyamaliza, mama. Mliyahamishia Nyasura."

Anastazia akasimama na gunia mkononi. Mvua ikaanza kuwapiga dagaa waliobaki kwenye turubai na hakuna aliyewagusa.

"Recho!" akaita mwishowe. "Niangalizie hapa."

Njiani Jeska akampigia Dafroza awaelekeze nyumba. Nyasura walimkuta Dafroza bado kajifungia, wageni wameshaondoka, vikombe vya chai viko mezani. Alifungua mlango aliposikia sauti ya Jeska. Alikuwa mdogo kuliko kwenye picha. Wakatoka naye, mama yake mdogo akiwafuata nyuma kwa kelele za "mtatuaibisha," mpaka kituo cha polisi, dawati la jinsia. Askari wa kike akawapa viti, akashika kalamu.

"Mlalamikaji ni nani kati yenu?"

Dafroza akamtazama Jeska.

"Ni sisi wawili," akasema Jeska. "Lakini andika mimi kwanza. Ningeandikwa mimi, huyu asingekuwa hapa."

"Sawa. Na wewe mama, ni nani yao?"

Anastazia akavuta kiti, akakaa karibu na meza.

"Mimi ni shahidi," akasema. "Andika jina langu lote. Mwanangu alipigwa akapasuliwa sikio, wazee wakaja nyumbani kwangu, na mimi ndiye niliyesema yaishe."