Meno Kwenye Medali

Rémy aligeuka mara mbili kuhakikisha. Chumbani hapakuwa na mtu. Lakini kwenye kioo cha kamera, ndani ya mng'aro wa sarafu ya Wabelgiji aliyoilaza juu ya kitambaa cheupe, mwanamke alikuwa amesimama nyuma yake.

Akasogeza taa, akachukua medali ya Bikira Maria. Tajiri mmoja wa Bujumbura alikuwa akikusanya vitu vidogo vya zamani, naye alitaka kwanza picha za karibu. Askari ndio waliovileta, mikebe kwa mikebe, kutoka bonde la Ruzizi. Wenye vitu hivyo walivipoteza vipi, Rémy hakuuliza. Hodari wa kutouliza, huyo.

Aliisogelea medali hadi ukingo wake ukakijaza kioo. Hapo akaviona vishimo vinne. Meno ya mtoto. Claudette, mkewe, hakuchoka kusimulia alivyoota meno akitafuna medali shingoni mwa mamake, Apollinarie, ambaye aliapa kutoivua hata siku ya kuzikwa. Tangu Luberizi, kijiji cha mama huyo kwenye mashamba ya mpunga ya Ruzizi, kishambuliwe, Claudette alikuwa akimngoja kila siku.

"Rémy, mbona unatoka jasho?" Claudette alinong'ona mlangoni.

"Iko taa tu."

"Na hii harufu ya matope ya mpunga mu nyumba?"

"Minye sisikii kitu."

Alisikia sana. Lakini aliogopa kilio cha mkewe, akaogopa na kuikosa kazi, akairudisha medali mkebeni, na kesho yake mkebe ukavuka mpaka kwenda Bujumbura kwa yule tajiri. Mwoga yule!

Tangu hapo kila alichopiga picha, kifungo, shanga, hata pete ya jirani, mwanamke alikuwemo, na kila picha alikuwa karibu zaidi, hadi Rémy akauona mstari mwekundu shingoni pale uzi wa medali uliponyofolewa, akasikia nyayo zenye maji zikija juu ya sementi mchana kweupe, zikapita mgongoni pake bila kusimama, zikaelekea jikoni alikokuwa Claudette.

Wakamwita Consolate, mama wa maombi. Alinyunyiza maji ya baraka nyumba nzima, akafika mezani, akaishusha chupa.

"Minye nafukuzaka majini," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu si jini. Amekuja kwa binti wake. Mumurudishie medali yake, atalala."

"Medali gani?" Claudette aliuliza.

Akamgeukia mumewe.

"Rémy. Medali gani? Weye uliiona?"

Rémy aliinamisha kichwa. Claudette hakupiga ukelele. Alivuta kiti, akakifuta kwa kitenge chake.

"Kaze, Mama," akamkaribisha kwa Kirundi.

Kiti kikalia kwa uzito wa mtu anayeketi. Claudette akapakua sahani mbili, akaanza kumsimulia mamake habari za siku zote zile. Rémy alisimama akingoja sahani yake hadi chakula kikaisha.