Mpiga Pasi Aliyejitoa Kwenye Kibubu

Sogeeni, majirani. Uongo humu ni kidogo tu, na nitawaonyesha ulipo.

Mtaani kwetu alikuwepo mpiga pasi wa kiwanda cha mashati. Enzi zake za ukibarua nyumba yake ilikuwa na amani. Kila wiki aliweka akiba kwenye kibubu cha pamoja cha vibarua wenzake, maana kesho ya kibarua haijulikani.

Siku alipoajiriwa kazi ya kudumu alivimba kichwa, akachukua akiba yake yote na kujitoa.

"Kibubu ni cha wasio na uhakika," alimwambia mtunza kibubu, mama mshona vifungo. "Mimi sasa mshahara unanijia wenyewe."

"Haya, bosi," mama akacheka. "Tulipo unapajua."

Akakopa kochi. Jamani, kochi lilivyokuwa kubwa! Paka aliingia nyuma ya kochi hilo mchanga, akatoka na wajukuu. (Chumvi yangu imeishia hapo.) Makato ya deni la kochi yakawa yanamaliza mshahara.

"Baba watoto, tubakize kidogo," mkewe alimsihi.

"Unaogopa nini? Mimi si kibarua tena!"

Basi oda za mashati zikapungua. Kiwanda kikawapa hata wale wa kudumu likizo bila malipo. Wenye kochi wakaja kulibeba. Mwenye nyumba naye akasema: kodi isipolipwa wiki hii, mnatoka.

"Nenda kwa mama mshona vifungo," mkewe akamwambia.

"Uso wangu nitauweka wapi?"

"Uache hapohapo ulipo. Funga mdomo wako tu."

Akaenda. Vibarua walimcheka hadi machozi. "Bosi, mshahara umepotea njia?"

Mama akawanyamazisha. "Shemeji, chako ulishachukua. Kukupa hatuwezi. Kukukopesha tutakukopesha, mradi urudi kuweka kama sisi."

Kodi ikalipwa. Akapiga pasi nguo za mtaa mzima, mkewe akizifua, mpaka deni likaisha.

Kiwanda kilipowarudisha kazini, siku ya mshahara alikwenda kwenye kibubu na kundi la wenzake wa kudumu nyuma yake. Mama aliwatazama mmoja mmoja.

"Karibuni, vibarua wenzangu," akasema. Safari hii hakuna aliyesema yeye si kibarua.

Funzo la kwenda nalo nyumbani

Ukiwa kibarua, hofu ndiyo inayokuwekea akiba. Ukiajiriwa kazi ya kudumu, hofu huondoka, na kazi ya kuweka akiba inabaki kuwa yako. Mshahara wa uhakika ndio wakati mzuri wa kuweka, tena pamoja na wenzako. Kochi litasubiri.