Mazishi ya Mzee Mihayo

Bi. Mwamtoro alitokeza ukutani na beseni la maji machafu, akayamwaga karibu kabisa na miguu ya mpangaji wake, Mzee Mihayo, kisha akashika kiuno akingoja aambiwe neno. Mzee Mihayo, fundi redio, hakuinua hata uso. Alisema kwamba kwao Tabora maji kama yale hupewa bata, na kwa kuwa mwenye nyumba ameyaogea, basi bata watalala na kiu. Mwamtoro akacheka mpaka beseni likamponyoka.

Mwanamke aliyemwigiza Mwamtoro alikuwa amefariki miaka mingi iliyopita, enzi za televisheni za chogo. Hata aliyemwigiza Mihayo naye alikuwa kaburini. Waliokuwa wakitaniana ukutani hapo Kibaha, katika ghorofa ya ishirini, walikuwa kazi ya kiigizi, mtambo usiozidi ukubwa wa kopo la maziwa ya unga. Ukikiambia wazo, kiigizi huchukua sura, sauti na mwendo wa wahusika kutoka katika sehemu zote za mchezo wa zamani zilizohifadhiwa, kikatunga mazungumzo, na kabla hujameza mate mchezo mpya unachezwa. Watu wake waliitwa sura-hai. Kwamba hawakuwa hai lilikuwa jambo ambalo hakuna aliyejisumbua kulibishia.

Mchezo wenyewe, Uani kwa Bi. Mwamtoro, ulikatika njiani. Kampuni iliyoutengeneza ilifungwa kabla ya sehemu ya mwisho, na wapenzi wake wakabaki wananing'inia, wakijitungia miisho yao vizazi na vizazi. Sasa Ghala la Michezo ya Zamani lilikuwa limeamua kuumaliza. Mpenzi mmoja angepatikana kwa kura, apewe kiigizi, na achague wazo moja tu. Wazo hilo lingewekwa muhuri, mchezo uonyeshwe nchi nzima, na sura-hai wale wawili wafungiwe, wasichezwe tena na mtu yeyote. Kura ilimwangukia Stumai Pazi, mhandisi wa maji mstaafu, Mzaramo wa Kisarawe, aliyekuwa akitunga visa vya Mwamtoro na Mihayo tangu yuko bweni. Leo ilikuwa siku ya mwisho, na kabla ya adhuhuri alitakiwa awe amesema.

Hapo ndipo bahati ilipogeuka mzigo. Mtu ambaye maisha yake yote alikuwa na visa mia, alipoambiwa achague kimoja alichanganyikiwa. Alikuwa kama bibi harusi mwenye nguo nyingi: kila aliyoivaa aliivua. Aliwaoza Mwamtoro na Mihayo, kiigizi kikawachezea harusi ya kupendeza, akaona aibu, maana waliooana hawataniani tena sawasawa. Alimrudisha Mihayo Tabora kwa treni ya kasi, Mwamtoro akabaki na chumba kitupu, na Stumai akashindwa kumwangalia. Alirudi kwenye harusi. Akaiacha tena. Kichwa kilimzunguka, na chai yake ilikuwa imepoa mezani.

Aliyekuwa akimwangalia akihangaika ni Nyamizi Kasanda, aliyelala kwenye kochi karibu na dirisha. Nyamizi alikuwa Mnyamwezi, rafiki wa bweni, mwenzake wa kutunga visa, na juu ya yote mtani wake, kama Mihayo kwa Mwamtoro, kwa sababu Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu mababu. Stumai alimwita mpagazi, kwa kuwa wazee wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya misafara kutoka bara hadi pwani. Nyamizi alimjibu kwamba mizigo ilipofika pwani Wazaramo hawakuipokea, walikuwa kwenye ngoma yao ya mdundiko. Walikuwa wameambiana hayo kwa zaidi ya miaka hamsini na bado yaliwachekesha.

Lakini moyo wa Nyamizi ulikuwa umechoka. Daktari alisema ule wa kutengenezwa usingekaa katika kifua cha umri ule, na tangu hapo mashine-uguzi, yenye magurudumu na mikono miwili laini, ilikuwa ikimfuata kila aendako, ikisikiliza mapigo yake kutoka mbali. Stumai alikuwa amemhamishia kwake. Kuhusu lililokuwa likija hawakuzungumza.

Asubuhi ile Nyamizi alikuwa amekwisha toa shauri lake mara mbili, na mara zote mbili Stumai alijifanya hasikii. Sasa alilitoa tena.

"Mzike Mihayo," alisema. "Nataka nione Mwamtoro atafanya nini."

Stumai alibisha. Alisema watu wanataka kufurahi, kwamba mchezo ule ulikuwa wa kuchekesha na mazishi si mahali pake. Nyamizi alimwambia kwamba kama Mzaramo hajui kuwa mazishi ni mahali pa kuchekea, basi Kisarawe imeharibika. Hapo Stumai alikubali, kwa kuwa ilikuwa kweli. Kwenye msiba mtani ndiye mwenye ruhusa. Huvaa nguo za marehemu, huiga mwendo wake na kikohozi chake, humtukana mbele ya wanawe, huzuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, na wafiwa hucheka huku machozi yakiwatoka. Mtani asipotokea, watu huuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani.

Basi akakiambia kiigizi: siku ya mazishi ya Mzee Mihayo, Bi. Mwamtoro yupo.

Ukuta uligeuka uwanja wenye turubai. Mvua nyepesi ilikuwa ikinyesha, maana kiigizi kilipenda mvua kwenye misiba. Mwamtoro alikuja taratibu katika kanga nyeusi, akapiga magoti kando ya jeneza, akaweka kiganja juu ya ubao na kulia bila sauti. Alisema alichelewa kumwambia Mihayo jinsi alivyompenda. Kilio kilikuwa kizuri. Kiigizi kilijifunza kulia kutoka katika misiba ya dunia nzima, ila hakuna aliyekifundisha utani.

Nyamizi aliutazama ukuta mpaka mwisho. Kisha akamgeukia mwenzake, na sauti yake haikuwa na mzaha.

"Na mimi ndivyo utakavyonizika?"

Stumai aliuacha ukuta akamtazama yeye. Kumbe asubuhi yote hiyo Mihayo alikuwa kisingizio. Alichotaka Nyamizi ni kuyaona mazishi yake mwenyewe, ajue kama mtani wake atasimama au ataanguka, na alikuwa ameona haya kuuliza moja kwa moja.

Kiigizi nacho kilikuwa kimesikia. Kwa sauti yake ya upole kikasema kwamba hakijui watani hufanya nini msibani, na kikamwomba Stumai akionyeshe. Akicheza mara moja tu mbele yake kitaelewa, na mwisho wa mchezo utakuwa wa kweli kuliko wowote.

Stumai akasimama. Akaichukua kanga ya Nyamizi mgongoni mwa kiti, akajifunga kiunoni. Alikuwa amekwisha kukunja mgongo aanze kikohozi alipouliza, kama mtu anayeuliza bei, hayo kiigizi kikishajifunza kitayapeleka wapi.

"Kila mahali," kiigizi kilijibu. "Nikishajua jambo, naliweka katika michezo yote, kwa yeyote atakayeniomba."

Akabaki amesimama na mgongo wake uliokunjwa. Utani wa Nyamizi ulikuwa ni wa Nyamizi: kikohozi kile, ile tabia yake ya kuonja chai na kuisingizia sukari, jinsi alivyokuwa akivuta mguu wa kushoto akitaka kuhurumiwa. Akiutoa hapa, kesho utachezwa na sura-hai kwenye kuta za watu Mtwara na Bukoba, na siku ya kumzika Nyamizi mwenyewe watoto watakuwa wanaujua, wamtangulie Stumai kuumaliza. Kwa upande mwingine, akikizima kiigizi kabla ya kuchagua, kwa masharti ya Ghala kisingewashwa tena, na ifikapo adhuhuri nafasi yake ingekwenda kwa aliyemfuata katika kura, kijana mmoja wa Kigoma aliyekwisha tangaza kwamba atawapeleka Mwamtoro na Mihayo mwezini wakafungue mgahawa. Umri mzima wa kuwapenda watu wale wawili uishie kwenye mgahawa wa mwezini. Alimwangalia Nyamizi amsaidie. Nyamizi alitazama dirishani na kusema kwamba kura haikumwangukia yeye.

Stumai hakujua lipi lilikuwa sahihi, na alilolifanya alilifanya akiwa hajui. Alinyoosha mkono akakizima kiigizi. Mwamtoro na mvua yake wakapotea, ukabaki ukuta mweupe wenye ufa mdogo karibu na swichi.

Kisha akakohoa. Alikohoa kikohozi cha Nyamizi, akavuta mguu wa kushoto kutoka mezani hadi mlangoni, akaionja chai iliyopoa na kuuliza ni nani amemwaga sukari yote ya nchi hii humu ndani. Akaiita mashine-uguzi, akaiambia ikae kama wabebaji wanaolitoa jeneza, nayo ikanyoosha mikono yake laini bila kuelewa. Stumai akajilaza kizingitini, mhandisi mzima mwenye mvi, akatandaza mikono.

"Hapiti mtu hapa," alisema. "Huyu kabila lake lote ni wapagazi. Wamebeba mizigo ya watu toka bara mpaka pwani, leo yeye anataka abebwe? Mshusheni chini, atembee."

Nyamizi alicheka. Alicheka mpaka akalishika kochi kwa mikono yote miwili, mpaka mashine-uguzi ikaacha jeneza lake la hewa ikaja mbio kumsikiliza mapigo. Stumai alibaki sakafuni akilia waziwazi, na hakuona haja ya kujificha. Nje king'ora cha adhuhuri kilipigwa, na nafasi yake ikaenda Kigoma.

Nyamizi alipopata pumzi alijifuta macho kwa pindo la shuka.

"Umejitahidi, Mzaramo," alisema. "Ila siku yenyewe ikifika utafute mengine. Haya mimi nimeshayasikia."