Nta ya Zamani katika Kompyuta Mpya

Jumanne, saa tatu asubuhi, katika ofisi ya kikundi cha wafuga nyuki wa Kigwa, walikuwapo watu wanne. Mzee Shigela, mwenyekiti. Revocatus, katibu. Pelagia, mke wa Revocatus na mtunza orodha. Fikiri, fundi wa kompyuta kutoka Tabora mjini. Wanachama wengine walikuwa porini wakirina asali.

Pelagia aliweka mezani sahani ya michembe, yaani vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Akamimina chai, akaitia asali. Fikiri alikuwa amekuja kwa pikipiki, na vumbi lilikuwa limemjaa hadi kwenye kope.

"Shikamoo, mzee," alisema.

"Marahaba, Mzaramo. Nilidhani umepotea njia, ukaishia Bagamoyo kwenu."

"Nitapoteaje, mtani? Njia yenyewe babu zenu Wanyamwezi waliikanyaga na mizigo kichwani mpaka ikawa barabara!"

Wote walicheka, isipokuwa Revocatus. Yeye alikuwa akiitazama kompyuta ambayo bado haijawashwa. Chai yake ilipoa.

Zilikuwa zimebaki siku tatu. Ijumaa, wapimaji wangerudi msituni kumalizia kupima njia ya kuzuia moto, ambayo miti yake yote ingekatwa. Mzinga wenye alama na jina kwenye orodha ya kikundi ungehamishwa na mwenyewe, pamoja na nyuki wake. Mzinga usiokuwa kwenye orodha ungeanguka pamoja na mti. Orodha hiyo ilikuwa ndani ya kompyuta, na printa haikuwa imetoa hata karatasi moja tangu Machi. Ndiyo maana Fikiri aliitwa.

"Haya, mama, washa," alisema Mzee Shigela. "Mizinga kumi na tisa ya mwisho ni yangu. Nataka niione kwenye karatasi kwa macho yangu."

Pelagia aliwasha. Akafungua mahali orodha ilipohifadhiwa. Mkono wake ukabaki juu ya kipanya, hauendi mbele wala nyuma.

"Baba Levina," alimwita mumewe kwa sauti ndogo. "Njoo uone."

Revocatus aliinama. Majina ya faili zote yalikuwa yamegeuka kuwa herufi zisizosomeka. Pelagia alijaribu kufungua picha ya mzinga mmoja. Haikufunguka. Akajaribu nyingine. Haikufunguka. Mara kioo chote kikawa chekundu, na katikati yake yakatokea maneno ya Kiingereza.

Fikiri aliyasoma mara mbili. Akaurudisha kwenye sahani mchembe aliokuwa ameushika.

"Inasema faili zote zimefungwa," alisema. "Ni virusi. Wanaovituma huzishika mateka kazi za watu hadi walipwe."

"Mayu wane, mama yangu!" Mzee Shigela alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Mizinga mia mbili kumi na miwili! Nani amewafungulia mlango hao watu?"

Revocatus angeweza kunyamaza, kwa kuwa hakuna aliyemwona. Lakini alimtazama mkewe. Pelagia alikuwa ameiandika orodha ile kwa mwaka mzima, alama baada ya alama, na sasa alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili.

"Ni mimi," alisema Revocatus.

"Wewe?"

"Jana alasiri nilikuwa natafuta namna ya kuiamsha printa. Nikaunganisha kompyuta na simu, nikaingia mtandaoni. Nikakuta programu, eti inatengeneza matundu ya kuchomekea printa. Nikaipakua. Kila iliponiuliza, nilibonyeza ndiyo."

"Kwa nini hukuniita?" aliuliza Pelagia.

"Nilitaka ukija leo, uikute inafanya kazi."

Fikiri aliizima kompyuta, akazima na mtandao wa simu ya katibu. "Mtu asichomeke flashi yoyote hapa," alionya. Kisha akamgeukia Revocatus. "Katibu, unakumbuka uliniambia nini Machi?"

Revocatus alikumbuka vizuri mno. Kompyuta ile ilikuja mpya, ikiwa na mfumo wake mpya ndani. Yeye ndiye aliyeamuru mfumo huo ufutwe, uwekwe ule wa kompyuta ya zamani. Mfuga nyuki akitundika mzinga mpya, huupaka ndani nta kutoka mzinga wa zamani. Nyuki husikia harufu waliyoizoea, nao huingia. Revocatus aliona kwamba kompyuta haina tofauti. Wanachama wameizoea sura ya zamani. Wapewe sura hiyo katika boksi jipya, nao wataitumia bila woga. Kikundi kizima kilimpigia makofi.

"Sasa niambieni," alisema Fikiri. "Nta ya zamani ikiwa na mayai ya nondo, mnaipaka kwenye mzinga mpya?"

"Thubutu!" alisema Mzee Shigela. "Viwavi watatoboa masega yote. Nyuki watahama."

"Basi sisi tuliipaka. Na mimi nina kosa. Nilijua, nikanyamaza. Niliona Mnyamwezi ameshajitwika mzigo wake, nani wa kumtua?"

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Tueleze polepole," alisema Pelagia. "Huo mfumo ni kitu gani hasa?"

"Unaitwa mfumo endeshi, mama. Ndio msimamizi wa kompyuta. Unapokea amri yako, kisha unaipeleka kwenye kioo, kwenye kipanya, kwenye printa. Huu tuliouweka ulitengenezwa miaka mingi kabla ya kompyuta hii. Vifaa vipya vilivyomo ndani hauvitambui. Ndiyo sababu kati ya matundu matatu, ni moja tu linalofanya kazi."

"Nikichomeka printa, kipanya kinakosa pa kukaa! Miezi mitatu nahangaika. Nilidhani ni mimi nisiyejua," alisema Pelagia.

"Si wewe. Na hilo ni tatizo dogo. Kila mfumo una nyufa. Wezi wa mtandaoni huzitafuta usiku na mchana. Watengenezaji huziziba kwa kututumia marekebisho mapya. Hayo huitwa masasisho. Mfumo ukizeeka sana, watengenezaji huacha kuyatuma. Nyufa zinabaki wazi, na mwizi anazijua zote. Programu aliyoipakua katibu ingeweza kudhuru hata mfumo mpya, sikatai. Lakini mfumo mpya ungempigia kelele, na huenda ungeizuia. Huu wa zamani ulikaa kimya."

Pelagia aliuliza, "Mbona kompyuta ya zamani ilikuwa na mfumo huo huo, na haikudhurika?"

"Iliwahi kuunganishwa na mtandao?"

"Hata siku moja."

"Umejijibu mwenyewe. Iko wapi?"

"Stoo, chini ya ndoo za asali. Haiwaki."

"Kutowaka si kitu. Nileteeni."

Fikiri aliifungua kwa bisibisi, akaitoa diski, yaani kifaa kinachotunza kumbukumbu. Akaiunganisha na kompyuta yake mwenyewe. Watu watatu walisimama nyuma yake. Jina la kwanza likatokea. La pili likatokea. Pelagia alihesabu hadi mwisho.

"Mia moja tisini na mitatu," alisema. "Inaishia Machi."

"Iliyokosekana ni kumi na tisa," alisema Mzee Shigela. "Ni ile yangu. Niliitundika Aprili."

Hakupiga kelele. Aliokota kiti chake, akaketi, akatazama mikono yake. Revocatus alitamani mzee yule angemtukana.

"Mzee, kesho alfajiri twende msituni," alisema. "Nitapanda kila mti mwenyewe."

Siku hiyo hiyo Fikiri aliufuta kabisa mfumo wa zamani pamoja na virusi, akaweka mfumo wa sasa. Matundu yote matatu yakafanya kazi. Aliikagua orodha, akairudisha. Saa kumi jioni printa ikatoa karatasi ya kwanza, na Pelagia akaishika kwa mikono miwili kama cheti cha ubatizo.

Jumatano walizunguka msituni tangu kupambazuka, Mzee Shigela akiwaongoza. Revocatus alipanda, akapiga picha alama iliyochongwa kwenye kila mzinga. Pelagia aliandika. Kufika alasiri walikuwa wamepata mizinga kumi na minane. Wa kumi na tisa ulikuwa juu ya mninga karibu na korongo. Walipoufikia, Pelagia aliziba mdomo. Shina la mninga lilikuwa tayari limepakwa rangi nyekundu. Ulikuwa mti wa kukatwa.

"Ungeanguka na nyuki wote," alisema Mzee Shigela. "Nami nisingekuwa na karatasi ya kuonyesha."

Revocatus alipanda. Picha ilitoka safi.

Ijumaa wapimaji walipita na orodha kamili mkononi. Mizinga thelathini na mmoja ilikuwa kwenye njia yao. Yote ilikuwa na majina. Wenyewe waliihamisha jioni hiyo, na hakuna hata mmoja ulioanguka.

Jumapili baada ya ibada, wanachama, Wakatoliki kwa Wamoraviani, walikutana mbele ya ofisi. Revocatus alisimama, akaeleza kosa lake lote, bila kuficha zile ndiyo alizobonyeza. Watu waliguna. Mwanamume mmoja alisema kwa sauti kwamba sura mpya ya kompyuta haieleweki, afadhali irudishwe ya zamani.

"Hairudi," alijibu Revocatus. "Kamati imekaa na imeamua, nami nimetumwa kuwatangazia. Kompyuta itatumia mfumo wa sasa, na masasisho yakija yatapokelewa. Hakuna programu itakayoingizwa bila Pelagia na mwenyekiti kukubaliana. Kila mwisho wa mwezi orodha itanakiliwa kwenye diski ya pembeni na kuchapwa kwenye karatasi, na nakala hizo zitatunzwa nyumbani kwa Mzee Shigela. Kuanzia Jumatano, saa nane mchana, kila mwanachama atajifunza mfumo mpya hapa ofisini. Mwalimu ni Pelagia. Mwanafunzi wa kwanza ni mimi."