Bangili Aliyoivaa Bi Chausiku

Maneno yalimganda Siwema kichwani, wala hakujua yalianzia kwa nani: eti bangili-damu ya kliniki inamnyonya mtoto tumboni. Mashoga zake waliyasema saluni, wakayasema sokoni, na mwisho hata yeye akaanza kuhisi inamfyonza.

Wakati huo Tanga nzima wajawazito waliivaa. Kila alfajiri ilichoma ngozi, hata mbu anauma zaidi, ikachukua tone la damu, ikalisoma, ikatuma majibu kliniki. Usipoivaa, roboti-mkunga anakugongea mlango.

"Hebu nipe niivae mimi," akasema mama yake, Bi Chausiku. "Damu yako si yangu? Nani kakuzaa?"

Bangili ikatulia mkononi mwa Bi Chausiku. Yenyewe ilijua joto la mkono tu, haikujua mkono wa nani.

Wiki ya pili Siwema akaitwa kliniki, akaenda na mama yake. Sista Mwajabu, muuguzi, akamweleza taratibu: kuna protini inaitwa alfa-fetoprotini, inatengenezwa na ini la mtoto tumboni, na kidogo hupita kwenye damu ya mama. Ikizidi sana, huenda uti wa mgongo wa mtoto haukufunga.

"Na yako imezidi mno, mdogo wangu."

Siwema akapanda kitandani. Wakampiga picha ya tumbo: mtoto mmoja, mgongo mzima, anarusha mateke.

"Mbona haviendani?" Sista akashangaa. "Bangili unaivaa mwenyewe?"

Bi Chausiku akamkanyaga mguu bintiye.

"Mwenyewe, sista."

Njiani Bi Chausiku alicheka mpaka akashika mbavu. "Mashine nayo imezeeka, ina makengeza!"

Siwema hakutulia. Kama mtoto ni mzima, ile protini imetoka wapi? Alijiuliza akipika, akajiuliza akifua, kliniki hakuthubutu kuuliza. Na mama yake siku hizo alikuwa anaacha chakula, anasema ameshiba. Kanga ikawa inamlegea kiunoni.

Mwezi wa tatu tangu aivae bangili, macho ya Bi Chausiku yakawa manjano. Hapo ndipo Siwema akarudi kliniki akasema kweli, analia. Sista Mwajabu hakumgombeza, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Mtu asiye na mimba protini ile ikimpanda hivyo, tunatafuta saratani ya ini. Bangili ilimwona mama yako tangu siku ile. Huenda uvimbe ulikuwa mdogo bado, wa kukatwa."

Bi Chausiku alimpakata mjukuu wake siku thelathini na mbili. Arobaini, ya kumtoa mtoto nje, hakuifikia.

Basi wenye mimba, na mama zenu:

Usimvalishe mtu kipimo chako, hata aliyekuzaa.

Usimdanganye muuguzi kwa kuogopa kugombezwa.

Usibebe maneno ya saluni kabla hujauliza kliniki.

Usiyacheke majibu ukayaacha. Yasipokuwa yako, yana mwenyewe.

Mama akisema ameshiba, usiondoe sahani hivi hivi.